Koplo Hakufa kwa Huzuni

Rafiki yangu Barasa,

Mbwa wako amekufa. Nimeona ni haki usikie habari hiyo kwangu, kwa kuwa aliyemuua ni mimi, ingawa hapa mtaani Donholm hakuna anayekubali.

Unazikumbuka Jumapili zako baada ya kanisa? Ulikaa kwenye kigoda mlangoni, ukamlaza Koplo mapajani, ukamfunua masikio na kumpekua katikati ya vidole. Mimi nilipita nikikucheka: "Barasa, huyo ni mbwa au mwanafunzi wa bweni?" Ulinijibu bila kuinua kichwa: "Mwalimu, wewe sahihisha vitabu vyako." Miaka yote hiyo sikuuliza ulikuwa ukitafuta nini.

Tulipokupeleka nyumbani kukuzika, ni mimi niliyeshikilia kwamba Koplo naye aende akuage. Ndugu zako walikataa. Nikawashinda kwa maneno. Alilala kando ya kaburi siku nne, kwenye nyasi wanamolisha ng'ombe. Waombolezaji walimpiga picha. Niliona fahari.

Wiki mbili baada ya kurudi, aliacha kula. Alichechemea mguu wa mbele, kisha wa nyuma. Akawa halali ila mlangoni pako. Mama Akinyi, jirani yetu, alishika kifua: "Woi, Mwalimu! Hiyo mbwa inalilia Barasa. Wacha iomboleze." Nikamwacha. Mimi, niliyewaadhibu watoto kwa kujibu swali kabla ya kulisoma, nilimwacha siku tisa. Niliketi naye nikamsimulia habari zako. Nilimpapasa kichwa, Barasa. Kichwa tu.

Siku ya kumi alishindwa kusimama, nikamwita daktari wa mifugo. Jambo la kwanza alilofanya ni kumfunua sikio. Kupe walikuwa wamebanana mle kama maharagwe, wameshiba damu.

"Mlienda naye ushago, huko kijijini?" aliuliza. "Hii ni homa ya kupe, Mzee. Mngeniita mapema, angepona."

Alimdunga sindano. Kesho yake adhuhuri Koplo akafa.

Nilitaka alale karibu nawe. Ndugu zako walinijibu kwa simu kwamba nimewaletea mbwa matangani mara moja, na hawataki mara ya pili. Nimemzika nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Sasa mtaa mzima unasimulia jinsi mbwa wa Barasa alivyokufa kwa mapenzi. Mhubiri naye alilitaja kanisani, waumini wakafuta machozi. Nilisimama nikasema ni kupe. Mama Akinyi akanivuta koti: "Keti, Mwalimu. Usituharibie."

Sikuketi.

Pumzika, Barasa. Msamaha sikuombi, maana ningekuwa nakuomba unipunguzie mzigo. Nakuahidi jambo moja: yeyote atakayesema mbele yangu kwamba Koplo alikufa kwa huzuni, nitamwambia kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba nilikaa kando yake siku tisa nikimsifu kwa uaminifu wake.