Kulwa Wawili na Kanzidata ya Bure

Jumatatu, 9 Juni. Ilomba
Baridi ya kukata masikio. Kompyuta mbili mezani, chai imepoa tena. Moja ina kanzidata ya kulipia, nyingine ina hii yangu, huria, isiyodai leseni. Wagonjwa wa kituo chetu cha Chimala wamo kwenye zote mbili, kwa majaribio. Ijumaa kamati ya Iringa inachagua moja. Nataka yangu ishinde.

Jumanne, 10 Juni
Yangu inafungua faili la mgonjwa haraka zaidi. Hee, nimecheka peke yangu! Yule mtaalamu wa kampuni inayouza ya kulipia ana suti na vipeperushi, lakini kila swali, ngoja niulize makao makuu. Dokta Sanga, mkurugenzi wetu, anampendea hilo hilo: kuna mtu wa kumpigia simu. Nimemwambia anipigie mimi. Kageukia vipeperushi. Imeniudhi.

Jioni nimesafisha majina yaliyojirudia. Jina moja, baba mmoja, kijiji kimoja, simu moja: mtu mmoja. Nimeunganisha. Ya kulipia sijaigusa. Wa suti ajisafishie mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni
Nesi Upendo kapiga simu kutoka Chimala.

Asubuhi kaletwa Kulwa Masanja, mtoto wa wafugaji wa Usangu. Homa ya mapafu. Upendo akafungua kanzidata yangu: hana mzio wa dawa yoyote. Akajaza sindano ya penisilini. Ndipo akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Kulwa wa mama yupi?" Jibu likamkumbusha: huyu ndiye penisilini humdhuru.

Masanja ana wake wawili. Wote wamezaa pacha. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, basi. Kulwa wawili, baba mmoja, simu ya baba. Tarehe ya kuzaliwa haikukumbukwa, tukawaandikia wote Januari mosi, kawaida yetu. Nami nikawafanya mtoto mmoja, ikabaki rekodi ya yule asiye na mzio. Mzio wa huyu nimeufuta mimi.

Kapewa dawa nyingine. Anaendelea vizuri.

Upendo kasema hatamwambia mtu. "Da Atu, piga kimya. Mashine ni mashine." Mashine gani? Ilifanya nilichoiambia. Nimezunguka nyumba, sikai, silali. Nikisema, yangu imekufa. Nisiposema, mimi ni mtu wa namna gani?

Ijumaa, 13 Juni. Iringa
Nimesema yote kabla ya kuulizwa. Kwamba kosa ni langu, kanzidata haina kosa. Walisikia nusu tu. Wamechagua ya kulipia. Wa suti akanipa pole. Nilitamani kumzaba kibao. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikala wali wao.

Jumatano, 18 Juni. Chimala
Nimekuja kuongeza nafasi ya jina la mama kwenye mfumo mpya. Wake wa Masanja wamekuja wote wawili. Mwenye mtoto wa mzio nilimwomba msamaha kwanza. Alinitazama muda mrefu, akaitikia kwa kichwa.

Nikauliza majina. Mama Kulwa, akasema mkubwa. Mama Kulwa, akasema mdogo. Upendo akacheka, mimi sikuweza. Nikaomba majina yao wenyewe. Nkwimba, akasema mkubwa, upesi. Mdogo kasema miaka yote hapa kituoni hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kabula.

Nikaandika, na chini yake mzio wa mwanawe. Akaomba aone.