Mafuta Yako na Lori la Mzee Kombo

Keko, Dar es Salaam

Mume wangu Baba Editha,

Pokea salamu zangu hapo Kibimba, wewe, mtoto na mama. Natumaini mgongo wa mama umepata nafuu tangu mvua zilipopungua. Na ng'ombe je, ameacha ule ukorofi wa kumpiga teke anayemkamua? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima, isipokuwa mikono. Habari ya mikono ndiyo iliyonikalisha chini kukuandikia.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Sababu unaijua. Simu yako huiweki sikioni, unaifungulia sauti sebule nzima isikie, na kaka yako Deo hakosi hapo. Penye wengi pana mengi. Mara ya mwisho uliponiuliza kama mafuta yamefika nikababaika, nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwamba mwanamke anayekosa jibu akiulizwa mafuta ya mume wake, huyo ameshapata wa kumpaka mengine. Nawe hukumjibu. Hilo liliniuma kuliko maneno yake. Basi kaa peke yako usome mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama una mke au huna.

Chupa zako zote zimefika. Ya mwisho sijaifungua, na nitakuambia kwa nini.

Kazi yangu unaijua nusu nusu. Hapa kwa Mzee Hamadi, ndugu yake yule Bwana Swedi wa duka la vitambaa Ngara mjini aliyeniona nikiandika vibao vya maduka akanileta huku, tunaunda magari madogo ya plastiki. Lori zima halizidi ukubwa wa mkate, lakini taa, vioo, kila kitu kiko sawasawa na lile kubwa. Wenye magari wanayaweka ofisini ndani ya kabati la kioo. Faraji anapuliza rangi, mimi nabandika maandishi. Usidhani ni stika za bodaboda za kubandua na kugandamiza. Hizi unaziloweka majini mpaka ile ngozi nyembamba iachie karatasi, halafu unaitelezesha kwa brashi yenye maji mpaka mahali pake kabla haijashika. Kabla yangu Faraji anapuliza vanishi ya kung'aa, wenyewe wanaiita klia, maana juu ya rangi iliyopauka stika inanasa hewa na kutoa weupe kama ukurutu. Nikimaliza, anapuliza klia nyingine juu yake. Hapo kingo za stika zinapotea na maandishi yanaonekana kama yamezaliwa na gari.

Sasa akaja Mzee Kombo, mtu wa Tanga, dereva mstaafu. Miaka ile ya wakimbizi alikuwa akipeleka mahindi kambini Benaco, kule kwetu, na aliposikia kwetu ni Ngara alinishika mkono akasahau kuuachia. Alitaka lori lake lilelile, la bluu, na nyuma yake maandishi meupe: Mungu Hamtupi Mja Wake. Mashine za hapa hazichapi weupe, kwa hiyo mjukuu wake aliyeko ng'ambo ndiye aliyechapisha stika kwa kufuata picha ya zamani. Zilikuja karatasi mbili tu, na yule kijana akasema aliyemchapia ameshafunga duka.

Ya kwanza iliharibika mikononi mwetu. Nilibandika vizuri, Faraji akapuliza klia ya juu, na klia ikakataa kukaa. Ikajikusanya pembeni na kuacha vishimo vya duara, macho ya samaki kama wanavyoyaita mafundi. Ukitaka kuvisugua, maandishi nayo yanaondoka. Mzee Hamadi hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tutaunda lori jingine, na likiharibika tena mmoja wetu atafute pa kwenda.

Unanijua ulimi wangu. Nilimrukia Faraji palepale, nikamwambia kompresa yake inatema mafuta na bunduki yake ya rangi haioshwi. Yule bwana ana mke na watoto, amekaa hapa miaka mingi kuliko mimi, lakini sikumwachia hata pumzi. Niliwaza nikishuka na sanduku langu hapo kijijini, na Deo amekaa kwenye benchi anasema, si nilisema? Faraji akaifungua kompresa nzima, akabadilisha chujio, akaosha bunduki kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Akapulizia kipande cha plastiki kibovu, kikatoka safi. Nikamwacha, ila moyoni nilikuwa bado namshtaki.

Lori la pili likawa tayari. Nikalishika, nikalifuta vumbi, nikampa. Akapuliza klia ya kwanza, na macho yakatokea tena, juu ya boneti na chini ya mlango. Bahati stika ilikuwa bado iko kwenye bahasha. Nikafungua mdomo kumwambia umeona, lakini Faraji alikuwa ameinama anayatazama yale macho jinsi yalivyopangana, manne upande huu, moja upande ule.

"Mama Editha," akasema, "hebu lete mkono wako."

Alichukua kipande cha kioo akanikandamizia kiganja hapo, akauinua mkono wangu. Kioo kilikuwa kitupu, huoni kitu. Akakipulizia klia. Baba Editha, mkono wangu ukaja wote, kiganja na vidole, hadi kile kidole changu kilichopinda, umejaa vishimo kama ndui. Watu wote wakaja kuangalia. Mzee Hamadi akauliza ninapaka nini, nikasema mafuta ya ng'ombe. Akauliza nayatoa wapi, nikasema mume wangu ananitumia. Mmoja akacheka. Faraji hakucheka, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kucheka. Nyani haoni kundule, na mimi nilikaribia kumtoa mwenzangu kazini kwa kosa la vidole vyangu.

Lakini ningejuaje? Unajua tulivyolelewa. Kwetu mtu hatoki nje amepauka kama aliyelala jivuni, watu watauliza ana mgonjwa gani nyumbani. Kila asubuhi nilikuwa nikijipaka, kisha nanawa kwa sabuni, nikidhani yameisha. Hayaishi. Glavu nazo nilikuwa nazivaa kwa vidole hivyohivyo, zikashika mafuta kwa nje.

Mzee Hamadi akasema, "Chagua, mama. Mafuta au kazi."

Yeye alisema kibiashara tu. Mimi nilisikia ananiambia nichague kati yako na kibarua. Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia kwa hasira, kisha nikarudi na ndoo ya maji na sabuni ya vyombo, na spiriti juu yake. Ndivyo ninavyonawa mpaka leo. Ndiyo maana nilikuwa nikibabaika simuni. Ningesemaje, na Deo anasikiliza, kwamba nimeacha mafuta yako?

Faraji alilisugua lile lori akalipaka upya, klia ikakaa kama maji kwenye beseni. Ikabaki zamu yangu na ile karatasi ya mwisho. Wakati huo ngozi yangu ilikuwa imeshapasuka. Nilipoitelezesha stika, ufa wa kidole gumba ukanasa pembe yake, na neno Hamtupi likajikunja juu ya mwenzake. Stika ikijikunja hivyo, ukiivuta imekatika. Mafundi wakaacha kazi zao, kompresa ikazimwa. Nikaweka kidole pembeni, nikachovya brashi, nikadondosha tone la maji, nikasubiri, nikadondosha jingine. Nilisali Salamu Maria sijui mara ngapi. Ile ngozi ikaanza kuelea, ikajikunjua polepole, ikalala mahali pake. Nikaikausha kwa kitambaa bila kuisugua. Ilipokauka nikamwachia Faraji, na alipokuwa anapuliza niligeukia ukutani. Aliniita jina langu tu, nikajua imekubali.

Siku ile ile nilimwomba msamaha mbele ya wote. Akasema nimnunulie soda.

Mzee Kombo alipokuja, alisoma maandishi yake kwa sauti, akayasoma tena kimya kimya. Akataka kunishukuru, akanipa mkono. Alipoupokea wangu akaugeuza juu chini, akauliza, "Mwanangu, mbona mikono imekuwa hivi? Huna watu?"

Nilimwambia ninao. Nikakusudia kukuandikia.

Mume wangu, sikupata mwingine wa kunipaka. Harufu ya mafuta yale ilikuwa ndiyo nyumbani kwangu kila asubuhi kabla sijatoka. Kuyaacha kumeniuma, na kunauma bado. Lakini kazi hii ninaipenda, sitakuficha. Naiweza, na sitaki kuirudisha mikononi mwa mwingine kwa sababu ya maneno ya Deo. Krismasi nikishuka Benaco utaniona nimepauka. Usione haya mbele za watu.

Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie kitenge chake nimeshakipata, kile cha njano. Editha mbusu, na asikuongopee kwamba nilimruhusu kuacha kutwanga. Mshukuru jirani yetu Mama Restituta anayekusaidia kukamua. Kaka yako Deo msalimie pia, ni shemeji yangu, nifanyeje.

Neno la mwisho. Usitume mafuta tena. Mwisho wa mwezi nitakwenda kituo cha mabasi kama kawaida. Wakianza kuita majina ya wenye vifurushi kutoka Ngara, nikaitwa, nitajua umemsikiliza Deo. Wakimaliza basi zima na mimi sijaitwa, nitarudi Keko mikono mitupu, nikijua bado nina mume.

Mkeo, aliyeko mbali kwa miguu tu,
Mama Editha