Bastola Chini ya Kanzu

Matuga, 18 Februari 1957

Mjomba Alfani,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila jua la mwezi huu linatufuata mpaka ndani ya nyumba. Kifua cha mkaza mjomba kimepoa? Mama ameniambia umemaliza kuezeka jiko. Hongera, maana mvua haziko mbali.

Mjomba, nimevuliwa sare ya polisi. Usishtuke, si kwa kosa. Bwana Hakimu anayezunguka vijijini kusikiliza kesi za mashamba ametishwa na mtu asiyejulikana. Basi Inspekta amenitoa mimi nifuatane naye kila aendako, nimevaa kanzu na koti kama karani wake, na bastola nimeificha mwilini. Haitakiwi kuonekana kabisa. Watu wakijua kuna bastola barazani, hakuna atakayefungua mdomo kueleza shauri lake. Inspekta ameniambia wazi kwamba siku mtu mmoja atakapoitambua, nitarudishwa kwenye sare na kupelekwa Mandera, kule mwisho wa nchi kaskazini.

Nawe unayajua maneno ya Mzee Chande wa Tiwi. Alipoikubali posa yangu alisema binti yake Mwanapili hatamtoa kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufika kumjulia hali. Mandera ikija, harusi imekwenda.

Tatizo langu ni mahali pa kuiweka. Niliifunga kiunoni kwa nyuma, juu ya uti wa mgongo. Nikisimama sawa, huoni kitu. Nikirukuu msikitini, kanzu inavutika na nundu inachomoza kama ya ngamia. Ijumaa iliyopita ilinibidi nisali safu ya mwisho, nyuma yangu ukuta mtupu. Nikaihamishia mguuni, juu ya kifundo. Udhu niliukumbuka nikiwa nimeshakaa kwenye birika la msikiti, watu kulia na kushoto, na kanzu nimeanza kuipandisha. Nilijifanya nimesahau jambo nyumbani nikaondoka mbio.

Inspekta mwenyewe ndiye aliyesema nikuulize wewe, kwa kuwa anajua ulifundisha silaha jeshini. Lakini ni wewe peke yako. Hata mkaza mjomba asijue.

Mpwa wako,
Chirau


Msambweni, 25 Februari 1957

Mpwa wangu Chirau,

Marahaba. Sisi huku ni wazima. Kifua cha mkaza mjomba wako kimetulia, na ushahidi ni kwamba sauti yake inasikika tena mpaka kwa jirani. Mama yako tulikuwa naye juzi, anakusalimu.

Swali lako ni zuri, na nitalijibu taratibu, kwa kuwa mtu akipewa jibu bila sababu yake hulitupa siku ya kwanza linapomsumbua.

Mwili wa mtu una mahali panapokunjika na mahali pasipokunjika. Chuma hakikunjiki popote. Basi chuma kikiwekwa penye kukunjika, kimojawapo kitaumia, na hakitakuwa chuma. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba mkono lazima ufike penyewe bila kutafuta, maana siku ya haja hutapewa nafasi ya kupapasa. Mgongoni ni pabaya kuliko ulivyoona. Ukianguka na baiskeli, uti wa mgongo na chuma vitakutana njiani. Mguuni umekwisha kujionea. Kwapani maofisa wetu wa jeshi walipapenda sana, lakini wao walikuwa watu wa kupeana mikono kwa mbali. Sisi tunakumbatiana. Shemeji akikupitisha mkono ubavuni tu, siri imekwisha.

Ushauri wangu ni tumboni, kushoto kidogo kwa kitovu, mpini ukielekea mkono wa kulia. Mkono unafika wenyewe, na kanzu mbele ni pana.

Sikuambii hivi kwa kukisia. Nimechonga kipande cha mkoko umbo la bastola, nikakitoboa na kukitia risasi za mshipi wa kuvulia mpaka kikapata uzito wake, na nimekivaa tangu barua yako ilipofika. Nimesoma gazeti nacho, nimekula nacho mezani, nimeandika nacho barua hii. Nawe tengeneza chako. Mazoezi yote fanya kwa mti. Bastola yenyewe usiichezee, hata ikiwa tupu.

Mkaza mjomba wako amenitazama mara kadhaa kwa jicho la pembeni. Hajasema neno. Mwanamke huyu hulipika neno mpaka liive ndipo alipakue.

Mjomba wako,
Alfani


Matuga, 20 Machi 1957

Mjomba Alfani,

Shikamoo, wewe na mkaza mjomba. Natumaini afya zenu ni njema kuliko yangu, ingawa mimi siumwi kitu. Nitakueleza, na usicheke kabla ya kufika mwisho.

Nilifanya kama ulivyosema. Barazani, kwenye kiti nyuma ya Bwana Hakimu, ilikaa vizuri mno. Kisha Jumapili Bwana Hakimu alipita Tiwi, nami nikaalikwa chakula kwa Mzee Chande. Jamvi lilitandikwa, sinia la wali likaja, watu wanne tukalizunguka. Nilipokunja miguu, mdomo wa bastola uliniingia penye kinena. Nikaegemea tako moja. Nikahamia la pili. Nikanyoosha mguu mmoja, kando ya chakula cha watu, mbele ya baba mkwe. Nilipoinuka kunawa ilikuwa imeteleza chini, nikaishika kwa kiganja juu ya kanzu isianguke, nikatembea hivyo hivyo mpaka kwenye mtungi, miguu imeachana.

Nyumba nzima iliniona. Baadaye Mzee Chande alinichukua mpaka upenuni, akitafuna tambuu yake.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu lini nini, baba?"

"Ngiri ya kinena si aibu. Marehemu baba yangu alikuwa nayo, na alizaa watoto sita."

Nikamwambia si ngiri.

"Basi ni nini hicho unachokishika kila ukiinuka?"

Mjomba, ungenijibia nini? Niliinamisha kichwa, naye akalichukua hilo kuwa jibu langu. Akaingia ndani akatoka na chupa ya dawa ya mizizi aliyoichemsha kwa mkono wake. Inywe asubuhi na jioni, akaniambia, na mambo ya harusi tutayazungumza ukipona. Ni chungu mno. Inabaki kooni mpaka adhuhuri.

La kunitia hofu ni kwamba kuna kijana wa Gazi, mwenye duka, aliyeposa kabla yangu, na mama yake Mwanapili ameanza kumtaja tena. Nikisema ukweli nitakwenda Mandera, na Mwanapili nimemkosa. Nikinyamaza, mimi ni mgonjwa, naye nimemkosa vile vile. Mwanapili ameniletea salamu kwa mdogo wake kwamba yeye hajali ngiri wala nini. Nimefurahi, lakini mjomba, ni salamu gani hizo za kupokea kwa mchumba?

Mpwa wako,
Chirau


Msambweni, 29 Machi 1957

Mpwa wangu Chirau,

Marahaba, na pole. Sisi ni wazima. Ulisema nisicheke kabla ya mwisho. Nimejitahidi, nikafika kwenye mtungi.

Kosa ni langu, na nitakueleza lilivyotokea ili tusilirudie. Kile kipande cha mti nilikijaribu nikiwa kitini. Jeshini tulikaa vitini, au juu ya masanduku, nami nikaipima bastola kwa desturi za jeshi. Nikasahau kwamba posa, hitima, maulidi na kila shauri la maana la watu wetu hukaliwa jamvini. Mtu anayekaa chini hukunjika pale pale nilipokuambia uweke chuma. Kanuni nilikupa mwenyewe, kisha nikaivunja kwenye ukurasa huo huo.

Safari hii nimekaa chini. Nimekaa mkao wa maulidi, nimekaa mkao wa attahiyatu, nimerukuu, nimesujudu, nimepanda baiskeli mpaka sokoni na kurudi. Jibu ni hili. Shika mfupa wa nyonga yako ya kulia, kisha rudisha vidole nyuma kidogo. Hapo pana kibonde ambacho hakijai wala hakipungui, ukikaa, ukisimama au ukiinama. Bastola ilale humo, mpini umeinama mbele kidogo, kwenye ala ya ngozi laini, na mkanda mpana unaobana juu ya kikoi. Mkanda mwembamba ndio uliokuangusha kule Tiwi. Halafu mwambie fundi aondoe mfuko wa kulia wa kanzu auache mdomo wake tu, mkono upite. Na koti liwe kubwa kidogo kuliko mwili wako. Watu watasema limerithiwa, waache waseme.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote hayo. Usiiguse. Watu wa Tiwi hawakuona bastola, waliuona mkono wako. Aliyezoea kubeba huitupa mikono yake kama mtu asiye na kitu. Jizoeze kushika tasbihi.

Sasa habari ya Tiwi. Nilikwenda, maana mjomba asiposimama kwenye jambo la mpwa wake atasimama lini? Sikuweza kusema kweli, na kusema uongo sikutaka, basi nikamwambia Mzee Chande kwamba kijana wangu ni mzima, na mimi ni dhamana. Akanijibu kwa adabu kwamba hajapata kuona mjomba anayesema mpwa wake mbovu. Lakini si mtu mgumu. Tumekubaliana umalize dawa, na siku ya Idi uje kwake, wazee wakuone kwa macho yao. Wakiridhika, nikahi ni mfungo mosi, mwezi huo huo wa Idi. Wasiporidhika, mwenye duka wa Gazi atakubaliwa.

Dawa inywe. Tumeahidi.

Mjomba wako,
Alfani


Matuga, 4 Mei 1957

Mjomba Alfani,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Mkaza mjomba hajambo? Mimi leo sijambo kweli kweli, na nitakuambia sababu.

Bwana Hakimu alitaka kusali Idi Tiwi, kwa hiyo nilikuwa kazini, na bastola ilikuwa kibondeni kwake tangu alfajiri. Baada ya sala kijiji kizima kilikumbatiana. Mikono ilinipita mabegani, ubavuni, mgongoni, hakuna hata mmoja ulioshuka mpaka pale. Nikakaa jamvini nimekunja miguu vizuri mpaka sinia likaondolewa, nikainuka mara moja, tasbihi mkononi. Wazee walinitazama kama watu wanaonunua ng'ombe.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Mzee Chande alikuwa ameweka gunia la nazi uani. "Mwenye ngiri halinyanyui hilo," akawaambia wenzake, kisha akanigeukia. "Liingize ghalani, mwanangu."

Mjomba, nilijua mkanda ukikatika hapo nimekwisha. Nilichuchumaa, nikalikumbatia, nikalipandisha begani, la kushoto, ili upande wa kulia ubaki huru. Mkanda ukalia kidogo. Sikugusa. Nilivuka ua mzima, nikalitua ghalani taratibu, nikarudi nikipangusa jasho usoni kwa mikono yote miwili, ili waione. Mama yake Mwanapili alipiga kigelegele kutoka jikoni. Mzee Chande hakunitazama mimi, aliwatazama wenzake. "Chupa moja tu," akasema.

Nikahi ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Sasa naomba shauri moja zaidi. Siku hiyo nitakaa goti kwa goti na Mzee Chande, mkono wangu wa kulia ndani ya wake, na wanaume wa vijiji vitatu watanivisha, watanivua na kunivisha tena. Niiweke wapi?

Mpwa wako,
Chirau


Msambweni, 9 Mei 1957

Mpwa wangu Chirau,

Marahaba. Wote wazima.

Kwenye kabati la chuma la kituo, na ufunguo kwa Inspekta. Umeomba ruhusa?

Mjomba wako,
Alfani


Matuga, 17 Juni 1957

Mjomba Alfani,

Shikamoo, tena safari hii shikamoo za watu wawili. Sisi ni wazima. Mwanapili anauliza mlifika salama, maana mvua ilianza mlipopanda basi tu.

Nilikuwa sijaomba ruhusa. Kwa miezi yote hiyo nilihesabu viungo vya mwili wangu kimoja kimoja, wala kabati halikunijia akilini. Inspekta alicheka mpaka akakaa. Na yule aliyemtisha Bwana Hakimu amejulikana. Ni mzee aliyedhani atanyang'anywa minazi yake. Ilipohukumiwa kuwa ni yake, alikuja mwenyewe kuomba radhi, amebeba kikapu cha machungwa. Kwa hiyo narudi kwenye sare, hapa hapa Matuga, na Mandera hakuna anayeitaja.

Baba mkwe hapumziki. Upenu wake umejaa wagonjwa kutoka Waa mpaka Ukunda, na kila anayefika husimuliwa gunia la nazi. Juzi aliniita nisimame mbele ya mgonjwa, nigeuke, nitembee. Nilitembea. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Chirau


Msambweni, 26 Juni 1957

Mpwa wangu Chirau,

Marahaba kwenu wawili. Tulifika salama, tumelowa, tumeshiba. Mwambie Mwanapili kwamba nyumba hii ni yake.

Unauliza ufanyeje na baba mkwe wako. Siri ya kazi haifi kwa sababu kazi imekwisha, kwa hiyo tembea anapokuambia, na wagonjwa wa kweli washauri kwa upole waende pia hospitali.

Nami nina habari yangu. Kile kipande cha mkoko nilikivaa mpaka mwezi wa Mei, kwa kuwa nilitaka kuhakikisha kile kibonde katika kila hali. Nilipokivua, nilijikuta mwili umezoea uzito upande mmoja, na kwa siku kadhaa nilitembea nimeinama kushoto. Mkaza mjomba wako alikuwa amenitazama tangu Februari, nikikaa upande kitini, nikisujudu chumbani bila wakati wa sala, nikishika kiuno. Neno lake likaiva. Siku ya harusi, nyie mkiwa kwenye vigelegele, alimwendea Mzee Chande faraghani.

Chupa iko juu ya meza hapa ninapoandika, na yeye amesimama mlangoni akinisubiri nimalize barua. Ameniuliza kama si ngiri, basi ni nini.

Nimekunywa. Ni chungu kama ulivyosema.

Mjomba wako,
Alfani