Vitunguu vya Maua

Mtoni, Dar es Salaam
9 Septemba 1951

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Huku Mtoni mie mzima, ila kifua cha Mama kinaninyima usingizi. Nimemwomba memsabu ruhusa nije nimwone. Amesema nitaipata vitunguu vyake vya maua vikichanua, na anavitaka kwa Krismasi. Ni maua ya kwao Ulaya, mekundu, yanaota kwenye mizizi kama vitunguu, nimeyaona kwenye picha. Bila baridi hayatoki, ndiyo maana vitunguu tumeviweka kwenye friji, na mtunzaji ni mimi. Kutoroka siwezi, kipande changu cha kazi anacho yeye, na bila hicho siajiriwi kwingine. Mwambie Mama anisubiri.

Mwanao,
Auleria

Bukoba
30 Septemba 1951

Mwanangu Auleria,

Marahaba. Sisi tupo, ingawa mama yako sasa ni wa uji tu. Nimemsomea barua akacheka, eti Wazungu walale na mablanketi, maua yao wayalaze kwenye baridi. Lakini Krismasi ni mbali, mwanangu. Kwani umesahau ya nyumbani? Ndizi mbichi ukitaka ziwahi kuiva, unazilaza na mbivu. Weka ndizi mbivu humo pamoja na hivyo vitunguu, zikioza ubadilishe. Vitaamka upesi.

Baba yako,
Apolinari

Mtoni
2 Desemba 1951

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nilifanya ulivyosema. Tumevipanda, majani yametoka mazuri, lakini ndani yake kila ua limekauka kabla ya kufunguka. Memsabu amezikuta ndizi nyuma ya chupa za maziwa. Anasema pumzi ya ndizi mbivu huua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Nimempigia magoti, Baba. Ruhusa hakuna.

Mwanao,
Auleria

Bukoba
23 Desemba 1951

Mwanangu,

Leo sina salamu njema. Mama yako tumemzika Jumatatu. Alipozidiwa aliuliza kama maua yamechanua. Barua yako ya maua kukauka nilikuwa nayo mfukoni, nikamwambia yamechanua, nawe uko melini unavuka ziwa. Akauliza yana rangi gani. Nilikuwa nimesahau. Nikasema manjano, maana kichwani mwangu mlikuwa na ndizi tu, zile nilizokuagiza mwenyewe. Akatabasamu, hakusema tena. Inaniuma, Auleria. Nimemzika na uongo. Niambie basi, ni ya rangi gani?

Baba yako

Mtoni
13 Januari 1952

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nimelia mpaka sauti imekauka. Kula, Baba, na ulale.

Ni ya manjano. Hukumdanganya.

Mwanao,
Auleria