Do ya Filomena

Chanika, Handeni
Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakujua, ukipata nafuu siku mbili tu ile dawa ya kuchua unaitupa uvunguni. Mimi ni mzima, na leo nina furaha ambayo sijaionja kwa miaka miwili.

Jana mimi na kwaya yangu tuliimba hapa Handeni na watu walijaa mpaka madirishani. Kwenye bango waliniandika mtunzi na kiongozi wa okestra anayeitwa mpaka Ulaya. Nikacheka peke yangu, maana nyimbo zangu za kwanza niliitungia kwaya yetu ya Korogwe, nawe ukasema sauti ya nne inanguruma kama mashine ya kusaga.

Wimbo wa kufungulia hauna ala. Mimi hutoa do, ile noti ya mwanzo, kila sauti inaanzia hapo. Filomena wa sauti ya pili alikuwa hajafika, gari lililomtoa Tanga liliharibika Segera, tukaona tuanze bila yeye. Nikatoa do, nikainua mkono. Kimya. Nikainua tena. Kwaya nzima ikainamia viatu vyake. Mara Filomena akaingia mbio, pochi begani, akasimama mahali pake, nao wakaanza vizuri kabisa.

Baadaye niliwauliza. Mzee Isihaka wa sauti ya nne akasema tangu safari ya Nairobi do yangu iko juu mno, basi Filomena huimba ya kweli chinichini, midomo ameifumba, nao humfuata yeye. Hawakutaka niaibike.

Ndiyo, Mama. Sikio la kulia limekufa, la kushoto linasikia nusu. Nilificha nikiogopa kupoteza kazi. Jana niliwaambia yote, nikalia mbele yao. Wakasema nitaendelea kuongoza, na Filomena atatoa do waziwazi. Nimetua mzigo.

Limebaki lako. Ulimwambia dada Emiliana kwamba umaarufu umenipanda kichwani, sipokei simu zako. Si kiburi, Mama. Kwenye simu nasikia mikwaruzo tu. Ile ya Pasaka niliipokea, nikaitikia ndiyo, ndiyo, bila kujua unasema nini. Emiliana ndiye aliyeniandikia kwamba ulikuwa unaniuliza kama nimekususa.

Barua hii anakuletea Filomena mwenyewe, mpe chai. Msalimie Emiliana na majirani. Jumamosi nakuja. Kaa kushotoni kwangu, uniulize tena.

Mwanao,
Enock Hiza