Baba Anaongea na Wote, Nikiingia Mimi Ananyamaza

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nasomea tiba ya usemi, yaani kuwasaidia watu ambao ugonjwa umewaondolea maneno, na nimebakiza muhula mmoja tu lakini nimechoka, Shangazi, nimechoka mpaka kusema nimechoka ni kazi. Asubuhi niko wodini na wagonjwa wa kiharusi, mchana niko darasani, jioni narudi nyumbani na huko nako kuna mgonjwa mwingine, naye ni baba yangu mzazi.

Baba ni fundi cherehani, mtu wa masihara, mteja alikuwa anakuja na suruali moja anakaa mpaka jioni kwa ajili ya stori zake. Kiharusi kilipompiga akabaki anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki, na ukoo mzima ukageuka kunitazama mimi, baba mdogo akasema, "Si ndiyo anayosomea huyu? Basi Mungu hakutusahau," na mimi nikaona kweli, nisipomtibu baba nimtibu nani. Wodini tunafundishwa usimrahisishie mgonjwa, mpe nafasi alitafute neno mwenyewe, basi nikawa nashika kikombe cha chai namwambia, "Baba, hiki nini? Sema, ki... ki..." na simpi mpaka ajaribu, na chai inapoa, kisha kijiko, kisha kitana, kila jioni, na mama akitaka kumsaidia namkatiza, "Mama, muache, unamharibia," mpaka mama naye akawa ananong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Juzi kipindi cha mchana kiliahirishwa nikarudi mapema, nikasikia kicheko uani, kumbe baba anacheza karata na jirani yetu kinyozi, na anaongea, Shangazi, maneno yamevunjikavunjika lakini anaongea. "Mwizi... wewe... mwizi," anamwambia kinyozi, naye anacheka, "Mimi mwizi? Mzee, hebu fungua mkono tuone umeficha nini." Nilipotokea mlangoni baba akanyamaza, akalaza karata mezani na kuweka mikono magotini kama mtoto anayesubiri mtihani. Nikamuuliza mama hii imeanza lini. Akasema, "Mbona anaongea kila siku, mwanangu. Wewe ukiingia ndiyo anafunga."

Tangu hapo nikiingia wodini najiona tapeli, maana kama nimemnyamazisha baba yangu, hao wa watu nitawafanya nini. Nimemwambia mama naacha chuo, yeye akaendelea kukunja nguo. Niache? Na baba nitampataje tena?

Mimi, Aliyechoka

*

Aliyechoka, marahaba. Pole, mwanangu, na pole hii naitoa moyoni. Wagonjwa wa watu mchana, mgonjwa wenu jioni, hata punda angelala njiani. Lakini pole hainizuii kukusema.

Hivi wewe kikombe hukijui? Baba yako anajua fika kwamba unakijua. Mtu mzima aliyekushonea sare za shule unamzuilia chai mbele ya mkewe ukimwambia sema ki. Mimi ningekumwagia hiyo chai. Yeye kakunyamazia tu, shukuru ana adabu.

Na usimwonee wivu kinyozi. Hana dawa yoyote, akipewa wodi yako atatoroka kabla ya saa ya chai. Ila yeye akimuuliza mzee kitu, anataka jibu, basi. Wewe unauliza ili utoe maksi.

Kuacha chuo ondoa kichwani. Wodini hujakosea, umekosea kuileta wodi sebuleni. Wahenga walisema mganga hajigangi, na baba yako ni kama wewe mwenyewe. Kesho nenda kwa msimamizi wako, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, uombe baba yako apokelewe na mwenzako wa wodini. Mazoezi yafanyikie huko. Nyumbani chai itolewe ikiwa moto. Mama muombe radhi leo hii, kabla hujavua viatu. Na huyo baba mdogo ambaye hakusahauliwa na Mungu, mwambie Jumamosi aje akae na kaka yake, wewe ulale.

Halafu chukua lile koti lako jeupe la wodini. Nimeshaona wanafunzi wengi, mikono ya koti inawafika kwenye vidole. Mpelekee fundi wako. Usimwambie aseme neno. Muulize mikono ipunguzwe kiasi gani, kwa sababu hilo wewe hulijui na yeye analijua. Kisha ngoja, kungoja si umeshafundishwa. Akikujibu kwa neno, sawa. Akiukunja ule mkono wa koti mpaka panapostahili, akakutazama, basi amekujibu. Sema asante, baba, ulivae uende kazini.