Profesa na Usafi Wake

Wewe, kaa kwanza. Profesa, huyu mkuu wetu wa programu, amefuta lile faili linaloshikilia matoleo ya vifurushi vyote, yaani vipande vya programu vinavyounda app yetu.

Amelifuta. Eti anafanya usafi.

Saa moja kabla ya wateja kuingia kuonyeshwa app. Kila kifurushi kikajichukulia toleo lolote jipya, kama watoto mwalimu akitoka darasani.

Kwenye Android ikafunguka. Mama mteja akatoa aifoni yake, tukamwekea, kioo kikawa cheupe pe. Watu saba tunatazama weupe.

Bosi akauliza kulikoni. Unajua Profesa alijibu nini? "Kwangu inafanya kazi." Mbele ya wateja. Kwangu inafanya kazi. Basi tuwagawie simu yako, bwana.

Nikamuuliza kwa nini alilifuta. "Lina mistari elfu tisa, dada. Nani analisoma?" Miaka kumi kazini, debe tupu linavuma tu.

Nikafungua orodha ya mabadiliko nimwonyeshe bosi jina la Profesa, aumbuke vizuri. Lipo. Chini yake kuna jina la aliyekagua na kuruhusu.

Langu. Niliruhusu nikinywa chai, sikusoma hata mstari. Bosi alilisoma kwa sauti.